Maneno ya Ramazani, Neno kwa Neno

Sifa, mwanangu,

Umevuka mto kwenda Lubunga kumuaga tante, shangazi yako, na Kito amekusindikiza, kwa hiyo nyumba ni yangu peke yangu mpaka mtakaporudi. Nimeketi mezani, pale pale tulipokula juzi. Bato, meli ya Kinshasa, inaondoka kesho asubuhi, na najijua kwamba bandarini sitaweza kukwambia kitu. Nitakushika mikono tu na kukuuliza kama umechukua chandarua. Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya wanaume wa Kinshasa, tante yako atakuwa ameyamaliza leo. Mimi nina jambo lingine.

Juzi nilipiga meza mpaka sahani ya mboga ya pondu ikaruka. Wewe na kaka yako mlikuwa mkibishana juu ya rais mpya wa Amerika. Kito alisema amesikia redioni kwamba hata hajakaa sana, watu wa kule wameanza kumchoka. Wewe ukasema mtu apewe muda, kazi yake ionekane kwanza. Mlikuwa mnacheka. Nikawaambia mnyamaze, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Ukaniangalia, ukasema polepole, "Mama, rais wa Amerika anatuhusu nini siye?" Nilikusanya sahani ambazo hazijaisha, nikaenda kuziosha.

Ulistahili jibu. Ni hili, na nakupa mkononi kwa sababu si jibu la kupitisha posta.

Ulikuwa na miaka saba. Nilikuwa sekretari wa shule moja ya sekondari huku Makiso, na mashine yangu ya kuandikia ilikaa chini ya picha ya Mkuu wa nchi. Nilikuwa na kiburi kimoja tu maishani, nacho kilikuwa vidole vyangu. Prefe, mkuu wetu wa shule, aliwaambia wageni: huyu mama hakosei. Akinisomea barua kwa haraka, nilimfuata neno kwa neno, na akikosea yeye mwenyewe nilimrudisha. Walimu wengine waliona ni ujuvi. Pengine ulikuwa ujuvi.

Ramazani alikuwa prof wa jografia. Alikuwa mtu wa Maniema, mwembamba, mwenye vipande vya chaki mfukoni siku zote, hata mke wake, Mama Zaina, alichoka kufua suruali zake. Wewe humkumbuki. Lakini ndiye aliyekupakia kwenye baiskeli yake siku uliposhikwa na degedege, papa yako akiwa kwenye treni ya Ubundu. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuendesha mpaka hospitali, mimi nikikimbia nyuma, na alipokukabidhi kwa masista alikaa kwenye baraza na nguo zake mbichi mpaka ulipofungua macho. Naliandika hili mapema ili usije ukadhani nakusimulia habari za adui yangu.

Mwaka ule nayo Amerika ilikuwa imepata rais mpya, na yule naye alikuwa wa kugombanisha watu. Wengine walisema Mungu ameleta mtu wa haki. Wengine walisema ni mhubiri aliyepotea njia ya kanisa. Alikuwa ametamka kwamba nchi yake haitafanya urafiki na serikali zinazofunga watu bila hukumu. Saa nne, wakati wa mapumziko, walimu walikuja ofisini kwangu kuchukua chaki na ramani, na prefe akiwa hayupo tuliwasha redio yake ndogo tukasikiliza habari za ng'ambo kwa Kifaransa. Habari zikiisha, ubishi ulianza.

Mimi nilikuwa upande wa yule rais. Nilimpenda kwa sababu alisema juu ya wafungwa. Liangalie vizuri hilo, Sifa: nilimpenda kwa sababu ya wafungwa.

Ramazani alimpinga. Alisema rais hapimwi na mudomo, anapimwa na mukono, na akauliza kila mara silaha za Amerika zinatua wapi wakati bwana yule anahubiri. Alikuwa na ubao mdogo aliouegemeza ukutani. Kila redio iliposema watu wa Amerika wanamwonaje rais wao, alivuta mstari: wiki hii umepanda, wiki ile umeshuka, kama mto kwenye ramani zake. Tuliungojea mstari ule. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa hasemi na mtu alianza kuja mapema apate mahali pa kukaa. Nami nilikuwa napanga hoja zangu tangu nyumbani, nikichambua mboga, na papa yako aliniuliza naongea na nani.

Nilielewa baadaye kwa nini tulipenda ubishi ule. Yule alikuwa rais pekee tuliyeweza kumpima. Tuliweza kusema anafaa, hafai, amedanganya, amechoka, na hakuna aliyegeuka kuangalia mlango.

Sasa nifike siku yenyewe. Wiki moja kabla yake Mkuu wa nchi alikuwa amepita Kisangani, na mimi nilikuwa katika kikundi cha animation cha Chama, wale wa kuimba na kucheza wakubwa wanapokuja. Tulisimama barabara ya uwanja wa ndege tangu asubuhi, tukacheza juani mpaka miguu ikavimba. Gari zilipita kwa mbio. Sikuona hata mkono.

Siku hiyo redio ilisema yule rais wa Amerika ameporomoka machoni pa watu wake. Ramazani akashusha mstari mpaka karibu na ukingo wa ubao. Nilikasirika kwa niaba ya mtu asiyenijua. Nilisema watu wale hawana shukrani, rais ni rais, aheshimiwe. Ramazani akacheka, si kwa ubaya, alivyocheka siku zote, akasema mbele ya wote, "Mama Sifa, weye rais yeyote akipita barabarani, utamuchezea."

Walimu walicheka. Mmoja alitikisa kiuno. Nilihisi uso unawaka, na miguu yangu ilikuwa bado inauma ndani ya viatu. Nikasema, sisi angalau wetu tunamheshimu.

Hapo kicheko chake kilikatika. Aliweka chaki juu ya meza yangu. Akasema kwa utulivu, kama mtu anayetoa jibu la hesabu:

"Kule mutu anaulizwa, anasema hapana, anarudia kwake kula. Siye hatuulizwi, na tunasema ndiyo."

Mwalimu mmoja alichukua ramani yake akatoka bila kuikunja. Mimi nilizima redio. Ramazani aliniangalia, na mpaka leo nadhani alitaka kuniomba radhi kwa ule utani wa kucheza, lakini kengele ililia akaenda darasani.

Siku mbili zilipita. Nani alikwenda kusema, sijui, na nimeacha kutafuta. Prefe aliniita kwenye mashine yangu niandike ripoti. Kwenye kiti cha dirishani alikaa mtu mmoja aliyevaa abacost ya kahawia, ile suti isiyo na tai. Nilidhani ni mzazi wa mwanafunzi, nikamsalimu. Prefe alianza kunisomea, nami nikapiga: kwamba citoyen, yaani raia, Ramazani, wakati wa mapumziko, alitoa maneno ya kumdharau rais wa nchi rafiki.

Nilifika katikati ya mstari vidole vikasimama. Nilisema, "Citoyen Préfet, hakusema hivyo."

Aliniambia niendelee tu, niandike anavyosoma. Nilimwambia hayo si maneno yake. Akavua miwani. Alisema siku ile nilikuwa na kazi nyingi, pengine sikusikia muzuri. Nikajibu kwamba mimi nasikia muzuri.

"Mama Sifa," akasema, "uko na hakika?"

Nilisema ndiyo.

Mara tatu, mwanangu. Mtu yule alinifungulia mlango mara tatu, na mara tatu niliufunga nikiwa nimenyoosha mgongo. Kumdharau rais wa nchi rafiki kungempa Ramazani barua ya onyo, au shule ya mbali msituni kwa mwaka mmoja. Sentensi yake ya kweli ilimgusa Mkuu wetu mwenyewe, na prefe alikuwa ameyapima maneno yale mengine kama dawa. Sikuona.

Yule wa dirishani, ambaye baadaye nilijua ni mtu wa usalama, ndipo alipofungua mdomo. "Acha mama aseme."

Nikasema. Sentensi nzima, na hata namna Ramazani alivyoitamka. Aliniambia niiandike kama nilivyoisema. Niliipiga kwa nakala tatu za kaboni, na hapakuwa na kosa hata moja. Prefe aliitia sahihi bila kuisoma.

Umewahi kuniuliza kwa nini nikikwaruzana na mtu nanyamaza siku nzima. Ni kwa sababu najua kilichokuwa ndani yangu dakika ile. Nimejiambia nilipenda ukweli. Nimejiambia nilidhani prefe anamzulia mwenzetu nami namtetea. Kila moja lina punje ya kweli. Lakini nilipokuwa naitamka ile sentensi nilisikia tena walimu wakicheka, nikaona raha. Ilikuwa fupi, kama kukuna mahali panapowasha. Miaka yote hii sijaisahau.

Walimchukua darasani, saa ya tatu ya masomo, mgongo wake ukiwa kwa mlango, anachora mto. Wanafunzi walisema aliuliza kama anaweza kumaliza mstari. Hawakumjibu, naye akaacha.

Mama Zaina alikuja ofisini kwangu siku ya nne. Hakujua kitu. Alikuja kwa sababu mimi ndiye mtu wa mashine aliyemfahamu, akaniomba nimwandikie barua kwa wakubwa: kwamba mume wake ni mtu wa sala, hana siasa, ana watoto wanne. Alikaa kwenye kiti kile kile cha dirishani. Nilimwandikia. Niliiandika vizuri kuliko barua zote nilizowahi kuandika, nikarekebisha maneno yake yapate uzito, na alipoondoka alinishika mikono yote miwili. Kesho yake alileta samaki wa kukaushwa, wamefungwa kwenye majani. Mlikula ninyi na papa yenu. Mimi nilisema tumbo linauma.

Papa yako nilimweleza. Akasema, "Haukusema uongo." Alisema kwa kunipenda, Mungu amrehemu, na sikuwahi kumwambia kwamba neno lile lilinizika. Ningekuwa nimesema uongo ningeutubu. Mtu anatubu vipi ukweli?

Ramazani alikaa ndani zaidi ya mwaka. Wengine walisema yuko Ubundu, wengine walisema ameshavushwa mbali. Kisha siku moja alikuwa amerudi, bila habari, kama mtu aliyeshuka kwenye treni kwa makosa. Hakupewa tena darasa. Sikio moja lilikuwa halisikii. Walihamia Lubunga, akawa analima muhogo nyuma ya nyumba, na watu waliokuwa wakimngojea na ubao wake walijifunza kupita njia nyingine. Mimi wa kwanza.

Lakini mto ni mmoja. Siku moja nilikuwa navuka kwenda kwa tante yako, nikaketi kwenye pirogue, ule mtumbwi wa kuvusha watu, na aliyeingia mwisho akakaa kando yangu alikuwa yeye. Alikaa upande wa sikio zima. Alinisalimu. Akauliza juu yako, kama degedege ilirudi. Nilisema haikurudi, uko darasa la nne. Alifurahi, Sifa. Alifurahi kweli.

Tulipofika katikati, pale maji yanapovuta, alisema bila kuniangalia, "Kule walinisomea karatasi. Nilingoja waongeze yao. Lakini yalikuwa maneno yangu kabisa, hata moja halikukosewa. Nikasema, hii kazi ni ya Mama Sifa."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Ingekuwapo ningejua pa kuishika. Alisema kama zamani alivyokuwa akinisifu kwa barua nzuri. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mto nusu nzima mbele yangu, muda wa kutosha kusema neno moja, na nililijua neno lenyewe. Niliangalia kasia ya mpiga pirogue ikiingia na kutoka. Tulipogonga ukingo, alishuka kwanza, akanishika mkono nisiteleze kwenye matope, akaniaga.

Mvua zilizofuata hakuzimaliza. Nilisikia habari ya mazishi siku mbili baada ya mazishi.

Tangu hapo nimehama ofisi mara mbili, na kila ofisi amenifuata. Si kwamba naona mizimu. Mimi ni mtu wa kanisa. Ila saa nne ikifika naangalia mlango. Nikisikia walimu wakicheka kwenye baraza la shule yoyote, nasubiri kicheko kikatike. Na juzi, Kito aliposema watu wa Amerika wameanza kumchoka rais wao, mkono wangu ulipiga meza kabla sijajua ni mkono wangu. Nilikuwa nimeshasikia sentensi inayokuja baada ya hapo. Ninyi hamkuwa mmeisema. Niliisikia tu.

Sasa wewe umepata kazi Kinshasa, kwenye ofisi kubwa, na wamekuchukua kwa sababu ulipiga mashine bila kosa kuliko wasichana wote waliojaribiwa. Siku ulipoleta karatasi ile nilicheka na wewe, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa. Vidole ulivyonavyo ni vyangu. Hiyo ndiyo hofu yangu. Mengine yote utayaweza.

Sikwambii unyamaze. Kupiga meza kwangu kusiwe funzo, kulikuwa ni woga. Bishaneni juu ya marais. Mpimeni wa Amerika na wa mwezi kama yuko. Nilikuwa mtu mzuri zaidi katika dakika zile za saa nne kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yangu, hata nilipokuwa nashindwa. Wala sikwambii useme uongo. Sijui kukufundisha hilo. Lakini utakaa ofisini, na siku moja watakuita, kuna mtu atakuwa amekaa dirishani, na watataka kujua mwenzako alisema nini. Hutakuwa na muda wa kufikiri. Mimi nilidhani swali lilikuwa: alisema nini? Swali lilikuwa jingine. Neno la mtu lililotoka mdomoni mwake kati ya rafiki si neno lile lile likiwa juu ya karatasi yenye mhuri, hata kama herufi zote ni zake. Nilijua mashine kuliko mtu yeyote katika mji huu, na hilo sikulijua. Na mtu akikuuliza mara ya tatu kama una hakika, msikilize vizuri. Huenda anakuomba.

Na ikiwa umeshindwa, kama mimi nilivyoshindwa, usifanye nilivyofanya kwenye pirogue. Kuandika sentensi ile kulichukua dakika moja, nilikuwa na hasira na nilikuwa mjinga. Kunyamaza nimenyamaza miaka, nikiwa na akili timamu.

Limebaki jambo moja, ambalo hata Kito hajui. Jana niliposema nakwenda sokoni, sikwenda sokoni. Nilivuka. Nilimkuta Mama Zaina nje, anamenya muhogo. Amezeeka, lakini sauti yake ni ile ile. Alinipa kiti. Nikakataa kukaa, nikamweleza nikiwa nimesimama: ofisi, prefe, yule wa dirishani, sentensi. Sikujitetea. Kumbe Ramazani hakuwahi kumwambia. Alikufa na jina langu mdomoni mwake na hakulitoa.

Aliendelea kumenya mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza, "Na ile barua ya kuomba, uliiandika weye pia?"

Nilisema ndiyo, mashine ile ile.

Aliweka kisu ndani ya beseni. Akainuka, akashikilia ukuta kidogo kwa sababu ya magoti, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakuupiga. Aliufunga tu, nikasikia komeo.

Nilikaa chini nje ya nyumba yake. Majirani walipita wakinisalimu, wakadhani namsubiri. Jua lilishuka na hakutoka, na ilinibidi niwahi pirogue ya mwisho. Kabla ya kuondoka nilimaliza kumenya ule muhogo uliobaki, nikaufunika.

Jumapili, baada ya misa, wewe utakuwa umeshapita mbali huko mtoni, nitavuka tena. Sitegemei afungue. Nitakaa pale nje.

Mimi niliyekuzaa,
Mama yako